MCHUNGAJI SI MPELELEZI
Somo kwa wazazi na vijana juu ya simu, kompyuta na siri za mtoto

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Samweli 3:11-14, Luka 2:41-52, Matayo 6:6, Matayo 18:15-17, Wakolosai 3:21.

Kiini cha somo: Mzazi amepewa na Mungu kazi ya kumlinda mtoto. Lakini amlinde waziwazi, si kwa kumvizia.



Somo hili limetokana na swali ambalo wazazi wa Baraka na wa Fizi wanaliuliza mara kwa mara baada ya ibada: Je, ni halali nichukue simu ya mtoto wangu wakati amelala, nisome yaliyomo? Vijana nao wana swali lao, ingawa wanaliuliza kwa sauti ya chini: Je, mimi sina haki ya siri yoyote mbele ya wazazi wangu? Maswali haya mawili ni ndugu. Tuyatazame pamoja katika nuru ya Neno la Mungu, bila hasira na bila kumcheka mtu.

1. HALI YETU YA LEO

Zamani kijana wa Kibembe alijifunza mambo mengi ya maisha kwenye lubunga. Wazee waliketi pale, wakala pamoja, wakakata mashauri, na vijana wakasikiliza. Mgeni aliyefika kijijini alipita kwanza mbele ya wazee. Leo kuna mgeni asiyepita kwenye lubunga. Anaingia kwa njia ya simu, usiku, mtoto akiwa chini ya chandarua, na mzazi aliye katika chumba cha pili hasikii mlango ukifunguliwa.

Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Ordinateri tunaiona ofisini, shuleni au mahali pa kupiga fotokopi. Lakini simu ya kisasa ni kompyuta ndogo. Kijana akiisha kuichajisha kwa nguvu ya jua na kununua mega, anafika Kigoma, Kinshasa na Marekani bila kuvuka kizingiti cha nyumba.

Tusiseme kwamba simu ni ya shetani. Tangu vita vya 1996 jamaa zetu wengi walivuka ziwa na kukimbilia Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, na wengine kutoka huko walipelekwa Marekani na nchi nyingine. Simu ndiyo inayotuletea sauti zao, msaada wao, habari za msiba na za arusi. Mwanafunzi anapata ndani yake masomo ambayo hayako katika vitabu vichache vya shule yake. Hii ni neema.

Lakini wavuvi wetu wa Tanganyika wanajua jambo moja. Usiku usio na mwezi wanawasha taa juu ya maji, na ndagala wanaifuata taa mpaka wavuni. Ndagala hawakuvutwa na giza, walivutwa na mwanga. Vivyo hivyo kijana havutwi na neno baya. Anavutwa na neno tamu. Kuna mtu asiyejulikana anayejifanya rafiki, anaomba picha ya mwili, kisha anaitumia picha hiyo kumtisha. Kuna anayeahidi kazi nzuri katika nchi ya mbali. Kuna picha za uasherati. Tena kuna sauti zinazopitishwa toka simu hadi simu, zikichochea kabila moja dhidi ya jingine. Katika milima yetu na kando ya ziwa letu, sauti kama hizo si mchezo. Zinaweza kumwaga damu. Na kijana anayesafiri akilazimishwa penye bariyeri afungue simu yake, neno moja la upumbavu alilopitisha bila kufikiri linaweza kumgharimu maisha.

Basi mzazi anayeogopa hakosi. Ana sababu ya kuogopa. Swali ni hili: woga huo utamfanya awe mchungaji, au utamfanya awe mpelelezi?

2. USHUHUDA

Mimi ninayeandika somo hili nilikosa katika jambo hili. Ninalisema kwa ruhusa ya binti yangu, maana ni lake pia.

Alikuwa na miaka 16. Nilikuwa nimemwona akiandika namba zake za siri, nikazikariri. Kwa usiku mwingi niliichukua simu yake na kusoma. Sikukuta mwanaume. Sikukuta picha mbaya. Nilikuta maneno aliyomwandikia rafiki yake, akilalamika kwamba baba yake anaomba kwa sauti kubwa kanisani, lakini nyumbani hasemi naye. Maneno hayo yaliniuma, maana yalikuwa kweli. Badala ya kutubu, nilikasirika. Siku ya Jumapili, shangazi zake na majirani wakiwa wameketi uani kwetu, niliyasema maneno yake mbele ya wote.

Hakulia. Alinipa simu mkononi. Tangu siku ile, kila nilipoifungua niliikuta safi, nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba alianza kutumia simu ya msichana mwingine.

Baada ya miezi kadhaa mtu mmoja aliyejulishana naye kwa njia ya mtandao alianza kumtisha kwa picha, akidai pesa. Binti yangu aliubeba mzigo huo peke yake majuma matatu. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyetambua kwamba mtoto ameacha kuimba, akamwita kando, akamsikiliza, kisha akaja nyumbani kwetu pamoja naye. Nilimwuliza binti yangu kwa nini hakuniambia. Akajibu: "Baba, niliogopa utalisema mbele ya watu kama mara ile."

Wazazi wapenzi, nilikuwa nimesoma kila kitu, na jambo moja lililokuwa la hatari sikulijua.

3. KOSA LA KWANZA: KUFANYA KAMA ELI

Kuna wazazi wanaosema: "Watoto wa siku hizi hawawezekani. Mimi sijui mambo ya simu. Mungu atawalinda." Huyo ni Eli. Kuhani Eli alijua uovu wa wanawe, kwa kuwa watu walimletea habari. Aliwasemesha kidogo, lakini hakuwazuia. Bwana alimwambia kijana Samweli kwamba nyumba ya Eli itahukumiwa kwa sababu hiyo. Tusome vizuri: Eli hakuhukumiwa kwa kukosa kujua. Alihukumiwa kwa kujua na kunyamaza.

Kumpa mtoto wa miaka 11 simu yenye intaneti, kisha kumwacha nayo usiku kucha, si upendo wala si uhuru. Wenye WhatsApp na Facebook wenyewe wameandika katika kanuni zao kwamba mtoto asiyetimiza miaka 13 hapaswi kuwa na akaunti. Kama wafanyabiashara wameweka mpaka, je, mzazi Mkristo asiweke?

4. KOSA LA PILI: KUFANYA KAMA MPELELEZI

Kanisa letu linajua maana ya kupelelezwa. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake huko Nkamba. Katika muda wa miezi michache serikali ya Wabelgiji ilituma watu kumchunguza, na mnamo Septemba alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walihamishwa mbali na makwao. Waliobaki walisali kwa kujificha, usiku na msituni, wakiogopa sikio la jirani. Ni tarehe 24 Desemba 1959 tu ndipo serikali ilipolikubali Kanisa.

Hatulinganishi imani ya wazee wetu na makosa ya kijana. Wao walificha jambo takatifu. Lakini historia hii inatufundisha neno moja: mtu anayepelelezwa habadiliki moyo, anajifunza kujificha tu. Serikali yenye askari na magereza haikufika ndani ya mioyo ya watu kwa kupeleleza. Je, wewe utafika kwa kuiba namba za siri?

Tena tuangalie nyumba ya Papa mwenyewe. Wana wake watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, walikuwa wadogo wakati baba yao alipofungwa. Hakuweza kukaa nao wala kuwachungulia. Mama Muilu Marie alilishika kundi na nyumba katika hatari hadi alipolala tarehe 27 Aprili 1959. Watoto hao walikua wakawa nguzo za Kanisa, na Papa Diangienda aliliongoza mpaka alipofariki mwaka 1992. Kilichowalinda si jicho la baba, kwa maana lilikuwa mbali. Ni mafundisho yaliyopandwa ndani.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Fizi. Baba wengi wako mbali, kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, ziwani, au ng'ambo ya maji. Mama wengi hawakupata nafasi ya kusoma, na mtoto ndiye anayewasomea ujumbe. Mzazi kama huyo atapelelezaje? Hawezi. Lakini anaweza kufundisha, kuuliza na kusikiliza. Hakuna mzazi aliyenyimwa uwezo huo.

5. NENO LA MUNGU LINASEMAJE JUU YA SIRI?

Kwanza, Bwana Yesu alituamuru tunapoomba tuingie chumbani na kufunga mlango (Matayo 6:6). Basi kuna mlango ambao Mungu mwenyewe anataka ufungwe. Mtu anahitaji mahali pa kuwa peke yake na Baba yake wa mbinguni, na kijana ni mtu.

Pili, wana wa Noa. Hamu aliuona uchi wa baba yake akatoka kuwaeleza wengine. Shemu na Yafeti walirudi kinyumenyume wakamfunika (Mwanzo 9:20-23). Tunatumia habari hii kuwaonya watoto. Siku hii itufundishe sisi wazazi: aibu ya mtu wa nyumbani hufunikwa na kutengenezwa, haitembezwi nje.

Tatu, Bwana ameagiza kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza wewe na yeye peke yenu (Matayo 18:15). Mtoto wako ni ndugu yako katika Kristo. Hakuachwa nje ya agizo hilo.

Nne, Yosefu na Maria. Yesu alipokuwa na miaka 12, walimtafuta siku tatu. Walimtafuta waziwazi, wakiwauliza jamaa. Walipomwona, mama alimwuliza uso kwa uso na kumwambia uchungu wao. Alitoa jibu ambalo hawakulielewa. Lakini Maria hakulitangaza. Alilitunza moyoni mwake. Na Yesu akarudi nyumbani, akawatii. Hapa tunaona mambo yote mawili katika nyumba moja: mzazi anayeuliza, na mtoto anayetii.

6. SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Mkristo huheshimu sheria. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri na barua na mawasiliano yake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1990, yanampa mtoto naye haki hiyo katika kifungu cha 16. Lakini katika kifungu cha 5, mapatano hayo hayo yanatambua wajibu wa wazazi wa kumwongoza mtoto kwa kadiri akili yake inavyokua. Kwa hiyo sheria haimpokonyi mzazi fimbo ya uchungaji. Inamwambia aishike kwa kipimo.

Tena kuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, na sheria ya mambo ya mtandao ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu kusumbua watu kwa njia ya mtandao na kueneza maneno ya chuki ya kikabila. Vijana, jueni kwamba mkono unaopitisha sauti ya chuki unaweza kushtakiwa hata kama si kinywa chako kilichosema.

7. TUFANYE NINI? UPENDO, AMRI, KAZI

Kanisa letu limetupa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Na tuyalete nyumbani.

UPENDO. Kabla ya kuuliza habari za simu, uliza habari za mtoto. Tenga saa baada ya chakula cha jioni, zungumza naye bila kumhukumu. Mwambie wazi: "Mtu yeyote akikutisha kwa picha au kwa neno, njoo kwangu. Sitakupiga, wala sitakuaibisha." Ukiisha kusema hivyo, lishike neno lako siku ile itakapofika. Yobu aliamka mapema kutoa sadaka kwa ajili ya watoto wake, kwa hesabu yao wote (Yobu 1:5). Nasi tuwaombee watoto wetu wote.

AMRI. Weka kanuni, na mtoto azijue kabla hajapewa simu:
a) Mtoto asiyetimiza miaka 13 atumie simu ya mzazi, mzazi akiwa karibu.
b) Wa miaka 13 hadi 15 anaweza kuwa na simu, lakini mzazi anajua namba za siri. Wataitazama pamoja, mchana, mtoto akiwa ameketi pale.
c) Wa miaka 16 na 17 ashike namba zake mwenyewe. Mzazi anauliza anawasiliana na nani, na kijana anajibu kwa kweli.
d) Usiku simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, pamoja na simu ya baba na ya mama.
e) Mzazi anaweza kufungua simu bila kibali palipo hatari ya kweli: mtoto anatishwa, anataka kutoroka, mtu mzima anamwinda, au watu wa silaha wanamwita. Hata hapo, umwambie: "Nimefungua, na sababu ni hii." Utakayoyakuta yasifike kwa majirani wala mimbarani.

KAZI. Mzazi ajifunze chombo chenyewe. Mwombe kijana akufundishe. Hiyo nayo ni njia ya mazungumzo. Jifunze kwamba katika WhatsApp kuna mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Mtu aliyeshika simu yako dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta yake na kusoma ujumbe wako akiwa mbali. Palipo kifaa usichokijua, kiondoe. Kwa hiyo usiache simu isiyofungwa kwenye nyumba ya kuchajisha. Jifunze tena kwamba ujumbe wenye mishale miwili pamoja umepitishwa mara nyingi. Hujui ulitoka wapi, basi usiupitishe mbele.

Mtoto akitishwa kwa picha, msilipe pesa. Anayelipa mara moja ataombwa tena. Tunzeni ujumbe wa huyo mtu uwe ushahidi, mfungieni njia asiandike tena, mkaenda pamoja kwa wenye mamlaka, mkisindikizwa na mtu mzima mnayemwamini.

Na baba, na mama, mtoto naye anaiona simu yako. Kama wewe unageuza kioo chini anapopita, unamfundisha nini? Nyumba ambayo mzazi ana siri za aibu haiwezi kudai nuru kwa mtoto.

8. NENO KWA VIJANA

Wapenzi vijana, siri na giza si kitu kimoja. Maombi yako, machozi yako, mazungumzo yako na rafiki mwema, hayo ni mambo yako, nasi tutayaheshimu. Lakini jambo linalokufanya uogope nuru, hilo si siri tena, ni mtego. Mtu anayekuambia usiwaambie wazazi wako kitu, jihadhari naye. Kama huwezi kumwambia baba, mwambie mama, au mama wa kwaya, au mchungaji. Usibebe peke yako.

Ukitaka uaminiwe katika makubwa, uwe mwaminifu katika madogo. Ukisema utazima saa tatu, zima saa tatu. Mzazi hupewa tumaini kidogo kidogo, kama vile mtoto hupewa uhuru kidogo kidogo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Eli alijua akanyamaza. Ni mambo gani ya watoto wetu tunayoyajua na tunayanyamazia?
2. Mwandishi wa ushuhuda alikosa wapi zaidi: katika kusoma, au katika kusema mbele ya watu? Toeni sababu.
3. Mama asiyejua kusoma atawezaje kumlinda mtoto mwenye simu?
4. Vijana waseme, wazazi wakinyamaza: ni jambo gani likifanywa na mzazi litawafanya wasimwogope?
5. Kila nyumba iandike kanuni zake tatu, wazazi na watoto pamoja, izilete katika kipindi kijacho.

SALA

Ee Baba, wewe unatuona chumbani, na hukutuaibisha. Utufundishe kuwaangalia watoto wetu kama unavyotuangalia sisi. Uwaokoe na mitego ya watu waovu, na sauti za chuki, na vita. Wape neno la kutuambia, nasi utupe masikio ya kusikia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki ninyi nyote, wa kando ya ziwa na wa milimani.